Vijana "walioshindikana" na punda wa Dodoma: farasi wa nini wakati tunao hawa?

Fundi wa Nala (mwenye uzi)

Salaam wakuu. Wakubwa wote shikamooni.

Juzi kuna mdau alileta humu habari ya vijana wa Brixton, London, wanaokabidhiwa farasi wawatunze ili wasiishie kwenye magenge ya visu. Michango ilikuwa mingi, na nusu yake ilisema hayo ni mambo ya wazungu, sisi farasi tunamwona kwenye gwaride la polisi basi. Nilianza kujibu mle ndani nikaona maelezo yanazidi kurefuka, bora niyalete huku.

Farasi kwa Dodoma ni mzigo. Farasi wa kilo 400 anataka nyasi kavu kilo 8 mpaka 10 kila siku, na sisi kuanzia Mei mpaka Novemba hata ng'ombe tunawasukuma kwa mabua. Halafu kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na usubi. Farasi asiyechanjwa ukimpata, mara nyingi siku chache tu unachimba shimo. Punda huo ugonjwa humpitia juu juu. Ndiyo maana Mgogo ana punda na hana farasi, alishapiga hesabu zake zamani.

Mimi natengeneza mikokoteni. Karakana ipo upande wa Nala, na nina punda wangu wachache ambao kazi yao ya kwanza ni kunijaribia mkokoteni kabla mteja hajauchukua. Miaka kadhaa sasa, mimi na mwalimu mmoja mstaafu tunapokea madogo ambao mtaa umeshawafutia jina: walioacha shule, waliokuwa wanalala Majengo na Sabasaba, wa gundi, wa bangi, wawili watatu waliowahi kulala mahabusu. Wengine wanaletwa na mwenyekiti wa mtaa, wengine na ofisa ustawi wa jamii, na wapo waliojileta wenyewe kwa kufuata harufu ya ugali.

Kijana akifika hapewi fimbo. Hilo ndilo linalowashangaza wote, maana mtaani kuswaga punda na kumchapa ni kazi moja. Anapewa brashi ngumu ya kufulia na kijichuma nilichopinda mwenyewe kutoka kwenye nondo ya milimita 8, ncha yake nimeisaga iwe butu. Kazi yake ni kusafisha kwato nne. Ikiisha, amemaliza kwa siku hiyo, akale.

Inaonekana kazi ya dakika kumi. Wengi wanatumia asubuhi nzima kwa mguu mmoja. Unasimama ubavuni, mgongo wako uelekee kichwa cha punda, unateremsha kiganja begani mpaka chini, unabana kidogo juu ya kifundo, unasubiri ahamishe uzito. Akihamisha, mguu unakuja wenyewe. Ukivuta kwa hasira anaukita chini kama nguzo ya umeme, na hapo hata mje wanne hamuung'oi. Dogo aliyezoea kupata kitu kwa kutisha anagundua kwamba hapa vitisho havina soko. Anatukana, punda anatafuna. Anatukana tena. Mwalimu naye yupo pembeni anamenya muhogo, hasemi kitu.

Nawapa kisa kimoja. Dogo mmoja aliletwa kutoka Majengo, mkimya, mikono inatetemeka, anakwepa macho ya watu. Nilimpa punda jike mzee tunayemwita Mstaafu, ambaye hana haraka na mtu. Hakugusa mguu hata mmoja. Alichuchumaa akawa anaangalia tu, mimi nikaendelea kuchomelea vyuma vyangu. Baadaye akaja karakana, maneno yake ya kwanza tangu aletwe: "Mzee, una maji ya chumvi?" Mstaafu alikuwa na mwiba wa mgunga pembeni mwa ukwato wa nyuma, kushoto, na alikuwa anauegemeza ule mguu kijanja, punda huwa hawaonyeshi maumivu kirahisi. Dogo aliliona kwa sababu yeye mwenyewe ametembea na vidonda vya miguu mitaroni na alikuwa akiviosha kwa maji ya chumvi. Tukauchomoa pamoja. Yeye ndiye aliyeshika mguu.

Siku hiyo sikumuuliza habari ya baba yake wala gundi. Aliyasema mwenyewe baada ya muda, akiwa kainamia ukwato, haniangalii. Na hii ndiyo hoja yangu yote wakuu. Hawa vijana wameshakalishwa kwenye viti mbele ya meza na kila ofisa, "tueleze tatizo lako nini". Mdomo hautafunguka. Mpe kazi ya mikono, wewe simama ubavuni kwake ukiwa na kazi yako, na uwepo tena wiki ijayo muda uleule. Mnyama anafanya sehemu ambayo mimi siiwezi: hajui huyu mtoto ni nani wala kafanya nini.

Karibuni tujadili. Maswali nitajibu, wenye matusi pia mnakaribishwa.

---

kijiwe_cha_Jamatini

Nimekaa mkao wa kula. Endelea mzee.

---

Chizi Mbuyu

Mzee wangu, asante ya punda si mateke? Utarudishiwa hao madogo na meno mapengo 😂

---

Fundi wa Nala

@Chizi Mbuyu mateke yapo, na kila moja lina sababu yake. Punda haoni nyuma yake kabisa, na haoni chini ya pua yake. Ukimjia kutokea huko kimya kimya anajitetea. Masikio yakilala nyuma, ujue umeshaonywa. Madogo hilo wanalishika haraka kuliko watu wazima, kwa sababu wengi wamekulia nyumba ambazo ulikuwa unasoma sura ya mtu mlangoni ndipo uamue kama leo unalala ndani au nje.

---

Ngosha wa Kibaigwa

Naomba niulize bila kupaka mafuta. Wewe ni fundi mikokoteni, una punda, unapokea watoto wanaokusafishia punda kwa malipo ya ugali. Mtaani kwetu hiyo inaitwa vibarua wa bure. Tofauti yako na wale wanaowapakiza watoto mchanga saa kumi alfajiri ni nini hasa? Au kwa sababu wewe unajua kuandika?

---

Mama Ntyuka

Swali zuri hilo. Nasubiri jibu.

---

Wakili Pori

Kabla mwenye uzi hajajibu, nijazie upande wa sheria, maana humu watu wanapenda kusema "mtoto hatakiwi kufanya kazi" wakaishia hapo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni yeyote chini ya miaka 18. Kuanzia miaka 14 anaweza kufanya kazi nyepesi, ile isiyodhuru afya yake wala kumnyima masomo. Kazi za hatari haziruhusiwi mpaka afikishe 18. Na kazi ya usiku ni marufuku kwa mtoto, usiku ukihesabiwa kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo yule dogo unayemkuta barabarani na mkokoteni wa mchanga kabla jua halijatoka, aliyempakiza ameshavunja sheria hata kama anamlipa vizuri.

Kusafisha kwato mchana, chini ya uangalizi, mtoto akiwa haachi shule, hilo sioni tatizo. Ila mzee, mtoto asiye wako akishinda kwako, lazima ustawi wa jamii wa halmashauri wajue, kwa maandishi. Siku punda akivunja mguu wa mtu, nia njema haitakusaidia polisi.

Na msisahau upande wa pili. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Kumpiga punda na kumzidishia mzigo ni kosa pia, hata kama hujawahi kuona mtu kafikishwa mahakamani kwa ajili hiyo.

---

Fundi wa Nala

@Ngosha wa Kibaigwa swali lako halina ubaya wowote, ndugu yangu. Chini ya miaka 18 hakuna anayetoka na mkokoteni kwangu. Hakuna anayepakia mchanga wala tofali. Anayesoma anakuja Jumamosi na Jumapili mchana. Na maandishi ya ustawi yapo @Wakili Pori, tena wao ndio walionibana kwamba mtu mzima asikae peke yake na mtoto mahali pa kificho, tuwe wawili na pawe wazi. Ni sharti zuri, na mtu anayelikataa mwogopeni.

Wakubwa, wa 18 na kuendelea, ndio wanaingia kwenye fedha. Na hapa nina msimamo ambao wenye mikokoteni wenzangu hawaupendi: kijana wa aina hii usimpe punda kwa mtindo wa hesabu. Mnaujua mtindo wenyewe, kama bodaboda, jioni alete kiasi fulani, kinachozidi chake. Ukimbana kijana kwa hesabu, yeye atambana punda. Saa kumi jioni hajafikisha, atapakia mara mbili na kuchapa mpaka ngozi itoke. Hapo kila ulichomfundisha asubuhi kinamwagika kwa siku moja, na anajifunza upya somo lilelile la mtaani kwamba aliye juu anamkamua aliye chini.

Ninachofanya ni kuwafundisha kushona mikanda. Nieleze kidogo maana hapa ndipo penye ufundi. Ukipita Kizota au Nkuhungu utaona punda wengi wamefungwa nira ya ng'ombe. Ng'ombe wetu ana nundu, nira inaegemea pale, anasukuma. Punda hana nundu. Nira inakaa juu ya mifupa ya mabega, inasaga, ndiyo vile vidonda vyekundu vyenye nzi mnavyoviona. Punda anavuta kwa kifua. Anahitaji mkanda mpana wa kifuani, usiobana koo, na tandiko dogo mgongoni la kubeba mishikio ya mkokoteni ili uzito usikae kwenye uti wa mgongo. Mikanda ya siti za magari mabovu inafaa sana, unaishona mara mbili na ndani unaweka blanketi lililochakaa. Kila punda anapimwa wake. Kijana anapima, anakata, anashona, anamvalisha, anamtembeza na mkokoteni mtupu, anavua, anapitisha kiganja kuona wapi nywele zimelala vibaya. Zikilala vibaya anafumua. Ukiuzwa, sehemu anachukua mkononi na sehemu inaingia kibubu chake mwenyewe, funguo anakaa nayo mwalimu.

---

Daktari wa Kwato

Mkuu umenigusa. Mimi ni wa mifugo, nimesomea huko Mpwapwa na bado nipo kanda hii. Naomba kuongeza machache kwa usalama wa hao watoto na punda.

La kwanza pepopunda. Vimelea vyake vinaishi kwenye udongo na kinyesi cha punda na farasi, na mtoto mwenye kidonda cha mguu anayefanya kazi zizini bila viatu anacheza na kifo. Chanjo ipo, mpelekeni zahanati kabla hajashika brashi. Viatu viwe vya kufunika, ndala hapana. Kichaa cha mbwa nacho: punda anaweza kuumwa na mbwa mwenye kichaa na yeye akaanza kuuma. Punda aliyebadilika tabia ghafla asiguswe na mtoto.

Mzigo. Punda wetu wengi wana kilo 120 mpaka 150. Mgongoni dumu mbili za lita 20 zinamtosha, hizo ni kilo 40 tayari. Zile dumu nne tunazoziona zinapanda vilima vya Mvumi ni kumuua taratibu.

Kingine ambacho wengi hawakijui: punda hushikana wawili wawili. Ukiuza mmoja, aliyebaki anaweza kugoma kula kabisa, na punda akigoma kula mafuta ya mwilini yanaingia kwenye damu, ini linashindwa, anakufa. Wenyewe mnasema karogwa. Kwa hiyo kwenye mpango kama wa mwenye uzi usimhamishe punda hovyo, na wala usimbadilishie mtoto punda kila wiki.

Na ule mnaouita ukaidi wa punda. Farasi akiogopa anakimbia. Punda akiogopa anasimama, anafikiri. Unamchapa mnyama anayejaribu kuelewa kama mbele kuna hatari.

---

Dada wa Area C

Mimi ndiye niliyeleta ule uzi wa London, nilikaa kule kusoma. Nashukuru umeuendeleza mzee, shikamoo.

Kile kituo cha Brixton kinaitwa Ebony Horse Club, kilianza mwaka 1996, kipo katikati ya maghorofa kabisa. Pale ndipo Khadijah Mellah alipojifunza kupanda farasi, halafu mwaka 2019 akashinda mbio za Magnolia Cup kule Goodwood akiwa amevaa hijabu, na hakuwa amewahi kukaa juu ya farasi wa mashindano mpaka miezi michache kabla. Picha zake zilienea dunia nzima. Marekani kuna Philadelphia, mtaa wa Fletcher, vijana weusi wana mazizi ya farasi katikati ya jiji toka enzi na enzi, wazee wa mtaa ndio walezi. Mji huohuo kuna Work to Ride, walianza 1994, dogo anatunza farasi ndipo anaruhusiwa kupanda, na timu yao ya polo ikachukua ubingwa wa taifa wa shule mwaka 2011. Polo, mchezo wa matajiri!

Ila niseme kweli, ushahidi wa kitaalamu bado ni mwembamba. Tafiti nyingi ni za watoto wachache, hazina kundi la kulinganisha, na hazifuatilii mtoto baada ya mwaka. Kwa hiyo mtu akija na kusema farasi au punda "anatibu" kiwewe, muulize maswali. Tiba ni kazi ya mtu aliyesomea. Huu wa mzee ni ulezi, na ulezi nao una thamani yake bila kuuvalisha koti jeupe.

---

Ngosha wa Kibaigwa

@Fundi wa Nala nimekuelewa kwenye hesabu. Mimi mwenyewe nimeendesha punda wa mtu nikiwa na miaka kumi na saba, ulichoandika ndicho nilichofanya. Nafuta kauli ya vibarua.

---

Kondoa Halisi

Mnaongea vizuri ila mnapita mbali na kitu kimoja: aibu. Huku kwetu kijana ukimwambia njoo ufanye kazi na punda anaona umemtukana. Punda ni wa mama wanaoteka maji na wazee. Dogo wa siku hizi anataka pikipiki. Nilijaribu kumweka mpwa wangu, wenzake wakampachika jina, akakimbilia Dodoma mjini. Hilo mmelitatuaje?

---

Fundi wa Nala

@Kondoa Halisi hatujalitatua. Wapo wanaoondoka siku ya pili kwa sababu hiyo hiyo, na sitawaita waongo wanaosema punda hana hadhi.

Kinachosaidia kidogo ni mambo mawili. Moja, kazi yetu inaanzia kwenye utabibu na ufundi, kubeba kunakuja mwisho sana. Dogo akisikika mtaani kwamba anajua kutibu kidonda cha bega, watu wazima wanamfuata kwa shida zao. Nimeona mzee wa miaka sitini anamsubiri kijana wa kumi na sita amalize kula ili amwangalizie punda wake. Hapo jina la utani linakufa lenyewe. Pili, mnada wa Msalato. Tunakwenda nao, wanakagua punda wa wafugaji kwato na mabega, mchana kweupe, mbele za watu, hatutozi hela. Mfugaji anatoa nyama choma kama shukrani. Kijana aliyekuwa anafukuzwa kwenye minada kama kibaka sasa anaitwa "dokta njoo". (Daktari wa Kwato usikasirike, wanaishia kwenye maji ya chumvi na kusafisha, sindano hawashiki. Kidonda kikubwa wanakuita wewe.)

Na nigusie la ngozi, maana wengi humu ni wageni wa jiji hawalijui. Miaka ile punda walipokuwa wanachinjwa hapa nchini kwa ajili ya ngozi ziende China kutengeneza ejiao, dawa yao ya asili, wizi wa punda ulipanda sana mikoa ya kati. Mjane anaamka zizi tupu. Na aliyekuwa anatumwa usiku kuvuta kamba ni nani? Ni hawa hawa madogo, kwa buku tano. Punda anabeba mimba mwaka mzima, anazaa mmoja, huwezi kumfuga kama kuku wa nyama ukakidhi soko lile. Serikali ikasimamisha uchinjaji mwishoni mwa 2021, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana Addis Ababa kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi bara zima. Mmoja wa vijana wangu alikuwa kwenye ile biashara ya usiku. Alinionyesha jinsi wanavyomfunga punda mdomo asilie. Leo akisikia punda wa jirani analia usiku, anatoka nje na tochi kabla yangu.

---

kijiwe_cha_Jamatini

Dah. Buku tano.

---

Chizi Mbuyu

Hii siyo chai aisee. Nilikuja kutania naona nimebaki.

---

Mama wa Chang'ombe

Habari za jioni. Huwa nasoma tu humu, leo nimejiandikisha kwa ajili ya uzi huu. Kaka Fundi, nina mwanangu wa kiume, ana miaka kumi na tano. Aliacha shule kidato cha pili. Baba yake alishaondoka. Anashinda kijiweni, mwezi uliopita kakutwa na simu ya mtu, nimelipa mimi kwa kuuza cherehani. Nyumbani haongei, anakula anatoka. Usiku mwingine anaongea peke yake kwa sauti mpaka mdogo wake anaogopa. Majirani wananiambia nimpeleke jeshini au nimpeleke kijijini kwa bibi yake Hombolo akachunge. Nifanyeje? Unaweza kumpokea? Sina hela ya kulipa.

---

Fundi wa Nala

Dada yangu, pole sana. Hela weka pembeni, hatutozi.

Nikujibu moja moja. Hilo la kuongea peke yake usiku lianze kwanza, kabla ya punda. Inaweza kuwa bangi au vitu vingine anavyovuta, inaweza kuwa ugonjwa, na mimi na mwalimu hatuna utaalamu huo. Mpeleke Mirembe. Najua watu wa hapa wakisikia Mirembe wanacheka, wanasema kachanganyikiwa. Ni hospitali ya afya ya akili, kuna kliniki ya kutwa, mtu anaonwa anarudi nyumbani kwake. Nenda naye asubuhi, usimtishie nayo.

Ukiona kuna hatari kwake au kwa mdogo wake, piga 116, ni simu ya huduma kwa mtoto, bure. Na ofisa ustawi wa kata yako ajue, ili kesi ya simu isije ikafufuka.

Hilo la jeshini, kwa umri wake halipo. Kijijini kwa bibi linaweza kuwa zuri kama bibi ana nguvu na mtoto mwenyewe ametaka. Kama anapelekwa kufichwa, atarudi kwa miguu. Nimepokea watatu waliorudi hivyo.

Sisi tunaweza kumpokea baada ya hospitali, nao wakisema hakuna kizuizi. Sitakuahidi kwamba atabadilika. Wapo waliorudi Sabasaba na bado nawaona, tunasalimiana. Ninachokuahidi ni kwamba akija atakuta watu walewale na punda yuleyule. Na usimwambie anapelekwa kurekebishwa tabia. Mwambie kuna fundi Nala anahitaji mtu wa kumsaidia kushika punda wakati wa kupima mikanda, ambayo ni kweli tupu, maana mkono mmoja hautoshi.

---

Wakili Pori

Mama, kuhusu ile simu: kama ulilipa na mwenye simu akakubali, mwombe aandike karatasi mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Nitumie ujumbe binafsi nikusaidie maneno yake, bure.

---

Dada wa Area C

Mama wa Chang'ombe, na mimi nicheki inbox. Kuhusu cherehani tuongee, kuna kikundi chetu cha akina mama.

---

Mama wa Chang'ombe

Asanteni sana. Mungu awabariki. Kesho kutwa nakwenda naye Mirembe, amekubali, kanishangaza. Kaka Fundi, nikishamaliza hospitali nije Jumamosi?

---

Fundi wa Nala

Jumamosi hii hatupo, tuko Msalato mnadani mpaka jioni. Njoo Jumapili saa nane mchana. Shukia Nala, uliza karakana ya mikokoteni, mtoto yeyote atakuleta. Avae viatu vya kufunika, kama hana tunazo jozi za kuazima, saizi arobaini na arobaini na mbili. Kadi ya chanjo kama ipo ije nayo. Na ale kabla hajaja, maana ugali wetu unachelewa.